Peremende za Mlango wa Seli

Kila jioni, Nailantei alipomaliza kuosha vyombo nyumbani kwao Kitengela, alikimbia kwa jirani yake Kaveke. Wote walikuwa Gredi ya Nane, na walikuwa wakitengeneza modeli ya seli kwa maonyesho ya sayansi mjini Kajiado. Utando wa seli ulikuwa wa udongo wa mfinyanzi. Milango ya protini, inayopitisha kalsiamu, ilikuwa mirija ya kunywea soda. Kwa kuwa protini hizo hubeba minyororo ya sukari, kila mrija ulivishwa mnyororo wa peremende.

Siku ya maonyesho, Kaveke alikwenda kunawa mikono. Nailantei akabaki na modeli, na njaa pia. Alionja peremende moja. Hiyo ikaita ya pili. Kufumba na kufumbua, mrija mmoja ulikuwa mtupu!

Kaveke aliporudi, alimkuta Mwalimu Munguti amesimama mbele ya modeli, uso umekunjamana.

"Kaveke, wewe ndiye uliyeibeba. Umeangusha wapi peremende?"

"Sijui, mwalimu. Niliibeba kama yai." Machozi yalimlengalenga.

Nailantei alitamani ardhi immeze. Mwamuzi alikuwa amefika meza ya jirani. Akinyamaza, nani angejua?

"Si yeye, mwalimu," alisema. "Ni mimi. Nimezila."

Kaveke akatoa macho. "Zote? Hata ile ya kijani tuliyoitafuta soko zima?"

"Hata hiyo. Nisamehe, rafiki yangu."

"Sopa, watoto!" Alikuwa mwamuzi, Daktari Simel, akiwasalimu kwa Kimaasai, naye alijizuia kucheka. "Nimesikia yote. Sasa niambieni, seli ya kweli ikikosa sukari hizo, inakuwaje?"

Wasichana walitazamana.

"Baadhi ya milango haifiki kwenye utando," Kaveke alijibu.

Nailantei akaung'oa ule mrija mtupu, akaulaza ndani ya seli. "Kama huu. Na mingine hufika, lakini haifunguki sawasawa. Kalsiamu ikiingia kidogo, ishara huwa hafifu. Msuli ulioambiwa ujikaze unasitasita."

Walishika nafasi ya pili, wakarukaruka hadi vumbi likatimka.

Mwalimu Munguti aliwaita kando. "Kaveke, niwie radhi. Nilikulaumu kabla ya kuuliza. Nailantei, tamaa yako ilikuwa mbaya, ila ulimi wako umekuokoa. Kosa ukilisema mapema, hurekebishika. Ukilificha, humwangukia asiye na hatia."