Kikombe cha Kwanza Jabalini

"Na yule dada mwingine hanywi?"

Mkaanga kahawa alikuwa amekwisha kumimina vikombe vyote. Akainua macho. Aliyeuliza alikuwa mama mmoja wa makamo, mgeni, amevua viatu anajichua vidole vya miguu baada ya kupanda kilima cha kisiwani.

"Dada yupi, mama?"

"Si yule aliyekaa na mwongozaji mbele ya boti? Mwenye nywele ndefu, zimelowa chapachapa. Nikasema moyoni, huyu mafua hayamkosi. Kumbe hakushuka?"

Wageni wenzake wakatazamana. Mmoja akacheka, akamwambia jua limempiga kichwani, maana mbele ya boti walikuwa mwongozaji na chupa yake ya chai tu. Yule mama akasonya, akanywa kahawa yake. Lakini mkaanga kahawa hakucheka, kwa sababu mwongozaji huyo alikuwa mumewe.

Safari ilikuwa ya siku moja. Asubuhi wageni walipanda boti gatini, wakazungushwa ziwani kutazama ndege, wakashushwa kisiwani kupanda kilima. Alasiri walivushwa hadi shamba la kahawa, wakachuma matunda mekundu, wakayamenya, wakatwanga buni kwenye kinu kwa zamu huku wakipigana picha, na mwisho wakanywa kahawa iliyokaangwa mbele ya macho yao. Mumewe alikuwa nao kutwa nzima. Yeye aliwapata mwisho, wamechoka na wameungua jua. Kisiwani hakuwahi kutia mguu, maana jiko la kukaangia haliachwi. Mchana wa mumewe haukuwa wake, na jambo hilo lilimkera tangu wiki ya harusi.

Tuseme ukweli: alikuwa na wivu. Wala haukuwa wivu wa kujificha, ulikuwa ule wa kunusa mashati. Wenzake wa shambani walimtania, "Wewe hata inzi jike akitua kwa mumeo utamuuliza katoka wapi." Naye akajibu, "Na atanijibu!" Alikuwa amekwisha kukata tamaa ya kuolewa alipompata mwanamume huyu mcheshi, mwenye mdomo wa asali, ambaye gati zima lilimwita Karibuni kwa vile neno hilo halikumkauka kinywani. Aliwakaribisha wageni, akakaribisha mbwa, akakaribisha hata mvua. Wanaume wa namna hiyo wanapendeka, na hapo ndipo penye balaa.

Jioni ile alinusa shati. Manukato hayakuwemo. Lilinuka jiwe bichi, na ndani ya harufu hiyo mlikuwa na utamu wa ua lililoozea majini. Akafungua chupa ya chai. Kila alfajiri aliijaza kahawa ya mumewe peke yake, ya buni alizozichagua punje kwa punje. Chini kabisa ulijikunja unywele mmoja. Akauvuta, ukaja, ukaja tena, ukawa mrefu kuliko mkono wake.

"Unywele wa nani huu?"

Karibuni akacheka. "Hayo ni majani ya ziwani, mke wangu."

"Majani yana mzizi wa kichwani?"

"Haya, tumeanza."

Usiku, nje ya dirisha, kulikuwa na mtu anachana nywele. Mkaanga kahawa alijaribu kujiambia ni panya, ni upepo, ni tawi, lakini ni mwanamke gani asiyeujua mkwaruzo wa chanuo likishuka, na hili lilishuka, likashuka, na baada ya kila mkwaruzo tone, tone, maji yakidondoka kwenye udongo mkavu, kisha kimya kidogo cha mtu anayetega sikio, kisha chanuo tena, taratibu, bila haraka, kama la mwenye nywele zisizo na mwisho, na pembeni yake mumewe, usingizini fofofo, akageuza uso kuelekea dirishani akatabasamu.

Asubuhi aliona nyayo. Zilitoka njia ya ziwani, zikazunguka nyumba, zikafika mlangoni, zikakomea kizingitini. Jua lilikuwa limeshachomoza, ila zenyewe hazikukauka.

Mwanamke mwingine angekwenda kuombewa. Huyu alikwenda kufumania. Siku iliyofuata aliamka akiwa na hasira hata buni zikamzidia moto, akajaza chupa ya mumewe hivyo hivyo. Akamwachia mwenzake jiko, akajifunga mtandio hadi puani, akaazima miwani ya jua, akaketi nyuma kabisa ya boti pamoja na wageni. Nahodha alimtambua kwa mikono yake yenye makovu ya jiko, lakini alikuwa mtu anayependa kuishi miaka mingi. Akatazama pembeni.

Ziwa lilikuwa shwari, hata wimbi la kulowesha kidole halikuwepo. Karibuni aliketi mbele, akasimulia habari za ndege, akachekesha watu. Kando yake palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, tupu, na ubao wake ulikuwa umelowa. Boti ilipogeuka, Karibuni alisogea kidogo, bila kutazama, kama anavyosogea mtu kitandani kumwachia mwenzake nafasi.

Kisiwani walipanda wakihema. Juu kulikuwa na jabali lililopasuka katikati, na chini ya ufa wake maji meusi. Karibuni akawasimamisha watu.

"Wageni wangu, nyamazeni sasa. Hapa ndipo anapokaa mke wangu mkubwa." Watu wakacheka. "Nilikuwa naye kabla ya yule wa nyumbani. Huyu hana makuu, hadai nguo, hanusi mashati. Yeye ni kahawa tu!"

Akaweka viganja mdomoni. "Mke wangu, nimekuja!"

"Nimekuja... kuja..." jabali likarudisha. Wageni wakapiga makofi. Karibuni akafungua chupa ya chai, akamimina kikombe cha kwanza, kile cha juu chenye mvuke, akakimwaga ufani. Ndipo akajimiminia mwenyewe.

Mkaanga kahawa, nyuma ya watu, alivua miwani ya jua akaukodolea macho ule ufa. Mke mkubwa! Yaani yeye, aliyevishwa pete mbele ya watu, ndiye mdogo? Na buni zake za kuchagua punje kwa punje humwagiwa mwamba kila siku ya Mungu! Wageni waliposhuka alibaki nyuma. Akainama ufani. Kahawa haikuacha hata doa. Kutoka chini, polepole, ilikuja sauti ya mtu anayefyonza kinywaji cha moto, halafu ya mwanamke, laini, ya karibu mno.

"Leo umeiunguza, mwenzangu."

Alishuka kilima kile akikimbia, mtandio ukabaki mitini.

Nyumbani Karibuni alisikiliza, akanuna. "Ni mzaha wa kazi huo. Niliuanza zamani, kabla sijakujua." Lakini mikono yake ilikuwa baridi, na alipojifuta jasho, kiganja kilitoka na chembe za mchanga wa ziwani. Hapo ndipo naye alipoogopa, na bila ubishi zaidi wakaenda kwa fundi baiskeli.

Fundi huyo alitengeneza baiskeli mchana kutwa, na kwa wenye shida zisizo na spana, alitengeneza mengine. Aliwasikiliza huku akijifuta grisi.

"Mzaha?" akasema kwa sauti ya chini. "Mzaha unaorudiwa kila siku, anayeusikia atajuaje kuwa ni mzaha? Umemwita mke, umemlisha. Huyu dada hapa uliyemwoa, amepata kingine zaidi ya hivyo?"

"Sasa anataka nini?" Karibuni akanong'ona.

"Alivumilia ulipokuwa peke yako. Sasa umeoa, na hawa hawajui kugawana. Siku moja utainama kumwaga kahawa, hutainuka." Akamgeukia mke. "Nyumbani kwenu hajaingia kwa kuwa hajaitwa. Shukuruni kwa hilo. Wewe bwana umeoa kwa mdomo, utaacha kwa mdomo, palepale, mara tatu. Na wewe dada utasimama ushuhudie. Lakini usiseme neno. Atakuchokoza, maana anakujua ulivyo. Meza. Ukimjibu tu, umemtambua." Akamwambia atoe punje moja ya buni mfukoni mwake. "Ishike kwa meno. Mdomo ukiwa na kazi, hautafuti nyingine."

Wakaenda siku isiyo na wageni, jua la utosi, nahodha akiwangoja chini kwenye boti. Mkaanga kahawa alisimama nyuma ya mumewe, punje imebanwa menoni. Aliapa hatafungua mdomo hata akatwe kidole. Mwanamume aliyekuwa mbele yake ndiye mali yake yote duniani.

"Mimi sikukuoa!" Karibuni akapiga kelele. "Nakuacha!"

"Nakuacha... acha..." jabali likajibu, kama siku zote.

"Nakuacha!"

Safari hii mwangwi ulichelewa. Ulipokuja ulikuwa mwembamba, umelowa, una kwikwi ndani yake. Karibuni akavuta pumzi ya mara ya tatu, ikamkwama. Harufu ya jiwe bichi ikapanda kutoka ufani. Na ile sauti ikapita pembeni ya sikio lake bila kumgusa, ikamwendea mkewe.

"Haya, mwenzangu, umeshinda. Acha nikuage. Kahawa yako nitaikumbuka. Mimi nilipewa ya juu, yenye mvuke, nawe ukabakiwa na machicha ya jioni, wala sikukucheka. Mwulize tu jambo moja. Mwulize siku ya kuamkia harusi yenu alikuja hapa peke yake kufanya nini, bila mgeni hata mmoja wa kuchekesha, na kwa nini alilia."

Mkaanga kahawa akamtazama mumewe. Alitaka akatae. Alitaka acheke, aseme uongo huo, kama alivyozoea kucheka. Karibuni akainamisha kichwa.

Wivu, jamani, hauna breki. Ulianzia tumboni ukapanda, na huku ukipanda alijua, kabisa alijua, aliuona uso wa fundi na kidole chake chenye grisi, aliiona boti kule chini na nahodha amejifunika kofia, aliyaona maisha yake na mwanamume huyu yakining'inia kwenye kipunje kimoja, akabana meno ili akizuie, akabana zaidi, na kwa kubana huko punje ikapasuka.

Akaitema.

"Hayawani wa majini wewe! Mwanamke mzima unajificha mwambani unamwagiwa kahawa za watu! Eti mke mkubwa! Mke gani asiyejua hata jiko la mumewe lilipo? Kama wewe ni mke kweli, njoo nyumbani, upite mlangoni kama wanawake wenzio, nikuone huo uso!"

Karibuni alimziba mdomo, akiwa amechelewa. Wakangoja mwangwi. Haukuja. Maneno yote yale, makali, ya sauti ya juu, yaliingia ufani yakaishia humo.

"Nakuacha!" Karibuni akamalizia, mbio mbio.

Hiyo nayo haikurudi. Jabali lilikuwa jiwe tu, kama nyumba iliyohamwa.

"Amekwenda," Karibuni akasema, machozi yakimtoka kwa furaha. "Unasikia? Hayupo!"

Na kweli, hakuwepo. Wakati wa kurudi, ubao wa mbele ya boti ulikuwa mkavu. Usiku hakuna aliyechana nywele. Shati lilinuka jasho la halali. Karibuni akaacha mzaha wa mke, akatunga mwingine wa mamba, na kikombe cha kwanza akawa anakunywa mwenyewe. Fundi baiskeli alipouliza kama dada alinyamaza, mkaanga kahawa alijibu kwamba alinyamaza kama kaburi. Swali la siku ya kuamkia harusi hakuliuliza. Alilimeza, siku ambayo kumeza hakukuwa na faida tena.

Ikaja siku ya mapumziko. Alasiri, jua kali, majirani nje wanaanua nguo. Karibuni alikuwa chumbani anatafuta soksi. Mkaanga kahawa alikuwa jikoni anakaanga kahawa yao ya nyumbani, anaimba kidogo, na alikuwa na raha ambayo hakuwa nayo tangu aolewe. Akasikia harufu ya buni inabadilika. Akadhani inaungua, akaepua kikaango. Haikuungua. Ilinuka jiwe bichi.

"Hodi," mtu akasema mlangoni.

Sauti ilikuwa laini, ya adabu, ya mwanamke aliyefuata maelekezo na kuipata nyumba. Chini ya mlango maji yalikuwa yamekusanyika, yamejaa hadi ukingo wa kizingiti, yakasimama hapo yakitetemeka bila kuvuka. Mkaanga kahawa alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Safari hii angenyamaza. Hata hodi hiyo ikipigwa mwaka mzima, angenyamaza, akafa amenyamaza. Alirudi nyuma polepole kuelekea chumbani, akitikisa kichwa, akitaka amfikie mumewe kabla, amwoneshe kidole midomoni, amwambie kwa macho.

"Hodi hapa."

"Karibu!" Karibuni akaitika kutoka chumbani, mchangamfu, kichwa kikiwa bado ndani ya kabati. "Karibu sana, pita ndani, mgeni wetu!"

Maji yakavuka kizingiti.

"Mimi si mgeni," sauti ikasema, sasa ikiwa jikoni. "Mimi ndiye mkubwa. Haya, mdogo wangu, nimiminie kikombe cha kwanza."