Namba za Clavery

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Renatha alikuwa na kazi moja aliyoichukia kuliko kuchota maji bondeni au kukata majani ya ng'ombe. Ilikuwa kumpima kaka yake.

Clavery aliugua kifua kikuu akiwa darasa la tatu. Alipona, lakini mapafu yalibaki na makovu. Daktari wa Bukoba aliwapa kifaa kidogo cha kubana kidoleni, kinachoonyesha namba ya hewa iliyomo kwenye damu. Ikishuka chini ya tisini, Clavery apumzike na daktari apigiwe simu. Bibi Kokuhirwa, aliyewalea pale kijijini Muleba, hakuona tena vitu vidogo. Kwa hiyo Renatha ndiye aliyesoma namba na kuiandika kwenye daftari.

Hapo ndipo wivu ulipoota. Namba ikiwa ndogo, Renatha alibeba ndoo zote, na Clavery akapewa yai. Mama yao alifanya kazi mgahawani Kashai, mjini Bukoba. Akija Jumamosi, jambo la kwanza mlangoni lilikuwa kumuulizia Clavery. Jumamosi moja Renatha alikuwa amesimama na matokeo ya mtihani, wa pili darasa zima, karatasi ikalowa jasho mkononi bila kutazamwa. Akamwangalia kaka yake, mashavu yamejaa, anacheka. Mgonjwa gani huyu? Roho ilimuuma hadi akatamani kuugua yeye.

Jumatatu kifaa kilionyesha themanini na nane. Renatha alikigeuza upande wake, akaandika tisini na sita.

"Umepona wewe," alisema. "Leo ndoo ni zako."

Clavery wala hakunung'unika. Alichoka kukaa kama mzigo, basi akachukua ndoo huku anapiga mluzi. Renatha akaenda shule mikono mitupu, moyo mwepesi. Jumanne akadanganya tena, na Jumatano pia. Siku za mwizi ni arobaini, lakini za Renatha zilikuwa nne tu. Alhamisi, baada ya uongo wa nne, Clavery alikutwa ameketi njiani kando ya ndoo iliyomwagika, midomo imegeuka rangi, hawezi kumaliza sentensi.

Jirani yao, Mzee Bartholomayo, aliwapakia Clavery, Bibi na Renatha, pamoja na daftari la namba, kwenye gari lake hadi hospitali ya Bukoba. Daktari Evelyne, yule aliyewapa kifaa, alimwekea Clavery hewa ya mtungi, kisha akafungua daftari.

"Asubuhi tisini na saba, sasa themanini na moja," alisema. "Makovu ya zamani hayaangushi mtu ghafla hivi. Huenda damu imeganda kwenye mapafu. Itabidi tumpe dawa ya kuiyeyusha, ingawa inaweza kumfanya avuje damu hata ndani ya kichwa."

Nesi akaanza kuandaa sindano. Renatha aliitazama ile sindano. Akinyamaza, hakuna atakayejua, lakini dawa itaingia kwa kaka yake kwa sababu ya uongo wake.

"Daktari, usimpe," alisema. "Hizo namba nimezitunga mimi."

Bibi alijifunika uso kwa kitenge. Daktari akamzuia nesi, akauliza namba za kweli. Renatha alizikumbuka zote: themanini na nane, themanini na saba, themanini na tano, themanini na nne. Daktari akampima Clavery upya, akaona hakuna damu iliyoganda, akabadilisha matibabu. Kufikia jioni Clavery alikuwa anazungumza.

Renatha aliuliza kama amemdhuru kaka yake. Daktari hakumficha.

"Umemchelewesha kupata matibabu. Pafu lenye kovu huwa gumu. Ndani ya mishipa midogo ya damu zimetandazwa seli laini, kama majani yanayotandikwa sakafuni nyumbani kwa bibi yako. Seli hizo huhisi kilicho chini yake. Zikigusa ugumu, hubadilika, na mshipa hukaza. Hapo moyo husukuma damu kwa shida. Huwezi kuyaona hayo kwenye mashavu yake. Atapata nafuu, ila sasa atahitaji kupumzika zaidi."

Renatha akalia. Bibi alimsogezea nafasi kwenye benchi.

"Ungesema, 'Bibi, na mimi nitazame,' ningekutazama," alisema. "Na kosa letu lipo, maana hatukukuona. Lakini ulinyamaza, ukakaza roho, na ugumu wako ukamfika kaka yako. Jambo likikuuma, mjukuu wangu, litamke. Ukilifunika kwa uongo, atakayekosa pumzi ni mwenzako."