Maziwa ya Bi Alganesh

Kila asubuhi kabla ya shule, Rediet alipitia kwa Bi Alganesh kuchukua kidumu cha maziwa. Bibi huyo aliishi nyuma ya kanisa la Mikaeli, na alikuwa na ng'ombe mmoja mweusi aliyempenda kuliko baadhi ya jamaa zake. Rediet aliyapeleka maziwa hayo kwenye kituo atamizi, jengo refu ambalo zamani lilikuwa ghala la unga. Humo kampuni changa za sayansi na teknolojia hupewa meza, umeme na washauri mpaka ziweze kusimama zenyewe. Mama yake, Selamawit, alikuwa na meza karibu na dirisha.

Juu ya meza hiyo kilikaa kipimo alichokibuni kwa mikono yake. Ukikitia maziwa, huwasha taa ya kijani kama ni halisi, na nyekundu kama yametiwa maji. Vyama vya wafugaji vilikuwa vimechoshwa na maziwa ya kuchakachuliwa, na vilikuwa tayari kununua vipimo hivyo vikithibitishwa. Kwa majaribio, mama alihitaji maziwa asiyoyatilia shaka hata kidogo, ndipo akamwendea Bi Alganesh. Ilikuwa Kwaresima, na kwetu Addis Ababa Kwaresima si mchezo. Waumini hawagusi nyama, mayai wala maziwa hadi Pasaka.

"Ng'ombe wangu hajui kufunga," Bi Alganesh alisema akicheka. "Na siagi ya Pasaka ninayo tele. Chukueni tu, mwanangu."

Mwaka huo Rediet alitangaza kwamba naye angefunga kama watu wazima, bila kutia kitu kinywani mpaka mchana.

"Hulazimiki," mama akamwambia.

"Mimi si mtoto, mama!"

Shuleni akajitapa kwa kila aliyekuwa na masikio. Rafiki yake Saron akashika kiuno. "Wewe? Si wewe uliyenuna mwaka jana kwa sababu ya jibini? Haya, Mtakatifu Rediet, utuombee!"

"Cheka tu. Utaona," Rediet alijibu.

Alichokiona yeye ni njaa. Maziwa yalikuwa bado vuguvugu, na harufu yake ilimfuata njia nzima. Asubuhi moja alijibanza kwenye ukuta wa kanisa, akafungua kidumu, akanywa funda moja, kisha jingine. Alipochungulia, kidumu kilikuwa kimepungua waziwazi. Kwenye kona ya mtaa palikuwa na bomba. Akajaza maji, akafunga kifuniko, akaenda zake. Kesho yake aliapa kutorudia, naye akarudia, na baada ya hapo hata kuapa aliacha.

Kituoni, taa ikawa inawaka nyekundu kila siku.

Mama alikifungua kipimo, akakifunga, akabadilisha nyaya, akakifungua tena. Chakula kilimshinda. Bwana Tadele, mshauri wa kituo, hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. "Selamawit, Ijumaa wakaguzi wanakuja. Kitu kisichofanya kazi kinaondoka mezani, na meza anapewa mwingine. Umemwuliza mwenye ng'ombe?"

"Nimwulize nini? Bi Alganesh ni mtu wa sala!"

"Basi kifaa chako ni kibovu. Chagua mojawapo."

Rediet alikuwa amesimama pale pale na mkoba wake wa shule. Alitaka kusema ukweli. Angeanzia wapi? Akisema amekunywa maziwa, itajulikana kwamba hakufunga hata kidogo. Akavaa mkoba, akatoka kwenda shule.

Jioni ya Alhamisi mama akamchukua wakaenda kwa Bi Alganesh. Kahawa ilikuwa inachemka, na bibi akawakaribisha kwa furaha. Akamwekea Rediet bakuli la shayiri ya kukaanga mapajani. "Kula, mwanangu, saa ya kufunga imeshapita. Selamawit, mtoto huyu anafunga kama mtawa! Kanisani nimemtolea mfano kwa wenzake."

Rediet aliinamisha kichwa. Akaichezea shayiri kwa vidole.

Mama alikunywa kikombe cha kwanza akizungumzia mvua. Kisha akasema taratibu, "Mama, niwie radhi. Maziwa yale... hayajachanganyika na maji kwa bahati mbaya? Pengine kidumu kilisuuzwa kikaachwa na maji?"

Bi Alganesh akaweka buli chini. "Maji?"

"Nauliza tu, mama."

"Mimi nitie maji? Katika Kwaresima? Kwenye kitu ninachokupa bure?" Sauti ilimtetemeka. "Naapa kwa Mikaeli, tangu nizaliwe sijaitwa mwizi."

Kwetu kahawa hunywewa vikombe vitatu, na cha tatu ndicho cha baraka. Mgeni hainuki kabla yake. Jioni ile mama aliinuka baada ya kikombe kimoja, na mwenyeji hakumzuia. Njiani mama alilia bila kujificha. Rediet alitembea nyuma yake, amejaa aibu.

Asubuhi ya Ijumaa Rediet alimkuta Bi Alganesh mlangoni kwake, amejitanda shuka jeupe kama anayekwenda kanisani, kidumu mkononi. "Leo nabeba mwenyewe," alisema. Walipopita kwenye bomba, Rediet aliangalia upande mwingine.

Kituoni bibi akaweka kidumu mezani. "Pima mbele yangu."

Mama akamimina. Taa ikawaka kijani.

Mama alishika kifua kwa furaha. Kipimo chake kilikuwa kizima! Lakini Bwana Tadele alikohoa, akamtazama bibi. "Kumbe. Ameshtuliwa jana, leo maji hayaonekani."

Macho ya watu wa meza za jirani yakamgeukia Bi Alganesh, na hata mama akatazama sakafu. Bibi akajifunika uso kwa shuka lake.

Hapo Rediet akaelewa kwamba angeweza kunyamaza na kila kitu kingekwisha vizuri. Meza ingebaki ya mama. Mfungo wake ungebaki mtakatifu. Angepotea bibi peke yake.

"Ni mimi!" akasema, sauti ikimkatika. "Nilikuwa nakunywa njiani. Kila siku. Nikajaza maji ya bomba." Akaanza kulia. "Sikufunga, mama. Nilidanganya."

Bwana Tadele ndiye wa kwanza kusogea. Alimwinamia bibi hadi chini. "Nisamehe, mama. Ulimi wangu umetangulia."

Mama akamgeukia binti yake. "Kipimo kilikuwa kinasema kweli," alisema kwa upole uliouma kuliko kofi. "Mimi sikukiamini, kwa sababu nilikuamini wewe."

Wakaguzi walipofika na chupa zao, kipimo kikatambua zote, zilizotiwa maji na zisizotiwa. Mama akabaki na meza yake. Hakuna aliyemkumbuka Rediet wakati ule, naye alishukuru kutokumbukwa.

Jioni mama na binti walirudi kwa Bi Alganesh kumaliza kahawa waliyoiacha. Rediet ndiye aliyehudumia, akipita na vikombe bila kuinua macho. Baada ya kikombe cha tatu, bibi akaleta bilauri ya maziwa, akamwekea mbele.

"Mwanangu, mtoto mwenye njaa hana kosa kwangu. Ungeniomba, ningekupa pale pale mlangoni, na Mungu asingekasirika. Kosa ni kwamba ulitaka sifa ya kitu usichofanya. Kisha ukakaa kimya, na sisi wengine tukaubeba uongo wako. Mama yako aliubeba, nami nikaubeba. Ukikosa, sema mapema, kabla mzigo haujafika kwa asiyehusika."

"Nimesikia, bibi. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Sasa kunywa."

Rediet akaishika bilauri kwa mikono miwili, akanywa mbele yao wote wawili, funda baada ya funda, machozi yakidondokea ndani yake. Jumatatu asubuhi alisimama mbele ya Saron na darasa zima, akawaambia kwamba hakufunga.