Pembe Nne za Shuka

Mghoi ana miaka saba. Anaishi na Babu kule Wundanyi, ambako asubuhi ukungu hushuka mpaka mlangoni.

Mghoi alizaliwa na mtindio wa ubongo. Mguu wake wa kushoto huenda polepole. Mkono wake wa kushoto hupenda kukunja ngumi.

Zamani, kila Jumamosi, Bibi na Babu walikunja mashuka pamoja. Bibi alishika pembe mbili. Babu alishika pembe mbili. Bibi alisema:

"Shika pembe. Vuta. Kung'uta."

Pwa! Shuka lilijaa upepo, na Mghoi alipita chini yake akicheka.

Sasa Bibi hayupo. Alifariki wakati wa mvua za vuli. Babu hukunja mashuka peke yake. Hushika katikati kwa kidevu.

"Babu, hilo ni shuka au sambusa?" Mghoi aliuliza.

"Ni sambusa," Babu akasema. "Ila haina nyama."

Mghoi alicheka. Kisha akaona Babu anatazama pale ukutani, mahali ambapo Bibi alikuwa akisimama.

Mghoi alitaka kusimama pale. Lakini pembe ni mbili, na mkono wake unaofunguka ni mmoja.

Jumatano walienda kliniki. Dada Nyambu, mtaalamu wa mazoezi, alimvisha miwani mikubwa myeusi ya mchezo wa kompyuta, inayofuata mikono ya anayeivaa. Ndani ya miwani mlikuwa na vipepeo. Kipepeo alitua tu kwenye kiganja kilichofunguka.

Wiki ya kwanza Mghoi alipata vipepeo watatu. Wiki ya pili, watano. Wiki ya tatu aliwachoka. Aliweka mikono mapajani na kusema hataki tena.

Dada Nyambu hakumlazimisha. Alimuuliza angependa kushika nini.

"Shuka," Mghoi akasema. "Upande wa Bibi."

Dada Nyambu akafikiri. Miwani haikuwa na shuka. Lakini ilikuwa na mlima, na wingu jeupe la kuvutwa kwa mikono miwili.

Wingu lilikuwa pana. Lilikuwa na pembe. Mghoi akanong'ona:

"Shika pembe. Vuta. Kung'uta."

Ngumi ikakazana. Mghoi akapumua. Kidole kimoja kikafunguka. Cha pili. Cha tatu.

Fuuu! Wingu likafunika mlima.

Babu alimwona akivuta hewa tupu. Akamuuliza anafanya nini.

"Ninatandika mlima," Mghoi akasema.

Wiki baada ya wiki, Mghoi alitandika mlima. Siku nyingine wingu lilimponyoka mara kumi. Alianza upya.

Jumamosi moja aliegemea ukuta, mahali pa Bibi. Akanyoosha mikono yote miwili.

Babu akampa pembe moja. Akangoja. Vidole vya kushoto vikafunguka, taratibu sana. Babu akampa pembe ya pili.

"Shika pembe," Mghoi akasema. "Vuta. Kung'uta."

Pwa! Pembe ya kushoto ikaponyoka. Babu akaiokota, akampa tena.

"Shika pembe. Vuta. Kung'uta."

Pwa! Safari hii pembe zote nne zilibaki mikononi.

Babu akatembea kumwendea Mghoi, hatua kwa hatua, na pembe zake mbili, mpaka mikono yao ikakutana.

Akasimama hapo.

"Babu," Mghoi akasema, "yamebaki mashuka matatu."

"Najua," Babu akasema. Lakini hakuiachia mikono ya Mghoi upesi.