Sauti ya Chiriku

Bati lilikuwa limevuja. Fundi cherehani alikuwa anatoa vitu chini ya kitanda cha mama mkwe wake ili aviweke juani. Kwenye boksi lililolowa akakuta kanda moja ya kaseti. Ilikuwa imeota ukungu mweupe.

"Mama, hii nitupe?" aliuliza.

Mama mkwe alikuwa barazani anapepeta mchele. Aliinuka upesi hata ungo ukamponyoka.

"Usitupe, mwanangu! Humo nimo mimi."

Fundi alishangaa. Siku zote alimjua mama huyu kama muuza mkaa aliyestaafu, mwenye ulimi mkali na cheko kubwa. Kumbe ujanani aliimba katika bendi ya dansi, na mashabiki walimwita Chiriku!

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ningeanzia wapi? Santuri ilipotoka, iliandikwa jina la kiongozi wa bendi peke yake. Ningesema ni mimi, watu wangesema najitia makuu. Kanda hii tulirekodi mazoezini. Mwanzoni nataja jina langu, kisha naimba."

Jioni mume wa fundi, ambaye ni kinyozi, alirudi kutoka kazini. Alipoelezwa, alikimbilia redio kaseti.

"Leteni! Tumsikie Chiriku sasa hivi!"

Bahati nzuri, jirani yao Mama Pacha alikuwa amekuja kuchukua gauni lake. Yeye alifanya kazi katika jumba la makumbusho ya muziki. Alimdaka kinyozi mkono, kidole kikiwa juu ya kitufe.

"Shemeji, haraka haraka haina baraka. Kanda yenye ukungu haichezwi! Itanasa ndani ya redio, itakatika, na wimbo umekwisha."

"Basi niianike juani?" fundi aliuliza.

"Hapana. Jua litaipinda. Wala usiifute kwa kitambaa cha maji. Iweke kwenye mfuko wa karatasi, mahali pakavu, mbali na spika. Kesho nitaipeleka kwa fundi wetu wa sauti. Ataisafisha polepole, kisha atanakili sauti kwenye kompyuta."

Kinyozi alijikuna kichwa. "Ikishaingia huko, tutaiona tena?"

Mama Pacha alicheka. "Makumbusho si mdomo wa mamba, shemeji! Tutaandikiana mkataba kwanza. Kanda inabaki mali ya mama. Sisi tunaomba nakala tu, ili watu wasikie. Ile santuri tunayo, lakini kadi yake inasema, 'Mwimbaji wa kike: hajulikani.' Wako wanamuziki wengi kama yeye. Walipiga muziki, watu wakacheza, majina yakapotea. Kuhifadhi sauti ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuwauliza wenyewe wangali hai."

Mama mkwe alitikisa kichwa. Kisha akasema, "Sikubali kuandikwa peke yangu. Mpiga ngoma tulimwita Mkono Mzito. Mpiga besi aliitwa Kimya. Huyo ukimsalimu Jumatatu, atakujibu Jumatano! Wakiachwa wao, na mimi niacheni."

"Subiri, mama!" Mama Pacha alisema, akitoa simu yake. "Acha nirekodi. Anza tena, taratibu."

Mama mkwe alisimulia mpaka chai ikapoa. Fundi alimsikiliza kama aliyeletewa mkwe mpya.

Kanda ilisafishwa ikapona. Ilirudi nyumbani ikiwa kavu. Baada ya muda, familia yote ilialikwa kwenye makumbusho. Ukutani palikuwa na picha ya mama mkwe, na chini yake majina ya wenzake wote wa bendi. Kinyozi alimvisha mama yake vipokea sauti masikioni.

Mama alifumba macho. Bega moja likaanza kucheza, kisha la pili. Mara akafungua kinywa na kuimba kwa nguvu, pamoja na sauti yake mwenyewe ya ujanani. Wageni wote waligeuka. Fundi alifuta machozi huku anacheka.

Mlinzi alikuja mbio. Alimgusa mama begani.

"Samahani, mama. Hapa watu wanasikiliza kimya kimya."

"Najua, mwanangu," mama alijibu. "Lakini anayesikilizwa ni mimi."

Mlinzi aliitazama picha ukutani. Akamtazama mama. Akavua kofia yake.

"Basi endelea, Chiriku," alisema. "Tena ongeza sauti, na wale wa chumba cha pili wasikie."