Pua ya Sista Anjelina

Siku Anjelina alipokutana na Kornelio, Kornelio alikuwa amebakisha kidogo tu apigwe.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, soko la Temeke limefurika. Anjelina ametoka zamu hospitali, kavaa kitenge chake cha maua ya njano na kilemba alichokifunga kwa madaha, anatafuta bamia. Akasikia zogo kwenye bucha. Akajipenyeza, maana jamani, nani anakubali kupitwa na zogo la sokoni? Katikati ya watu akamwona kijana mrefu, nywele zimepanda juu, suruali ya bugaluu ya kaki inafagia vumbi, viatu vya raizoni vya soli nene. Mkononi ana chupa ya damu mbichi ya kondoo, anaitikisa bila kupumzika, na ndani ya damu hiyo zinalia shanga. Shanga zile za kiunoni!

"Mumiani huyo!" muuza nazi alipiga kelele. "Leo damu ya kondoo, kesho ya mwanao!"

"Ndugu zangu, mie mtu wa maabara," kijana alisema, jasho linamtiririka. "Nikiacha kutikisa itaganda!"

"Na shanga je? Za nani hizo?"

Hapo kijana akazidi kutikisa. Anjelina alicheka mpaka kikapu kikamponyoka. Halafu akasimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Mwacheni. Watu wa maabara huotesha vijidudu kwenye damu, ndio chakula chao. Na wewe Mama Hamisa hapo, si mie niliyekuzalisha? Nimewahi kukudanganya?"

Basi, ikaisha. Nusu ya wanawake wa soko lile walikuwa wamepita mikononi mwake. Watu wakatawanyika, na muuza nazi akajifanya ana wateja.

"Asante, dada," kijana alisema, bado anatikisa. "Naitwa Kornelio. Tunatumia vidude vya kioo, nyuzi zinazogandisha damu zinanata huko, basi haigandi. Vyetu vimekwisha. Nikanunua hizi shanga kwa bibi mmoja pale."

"Ukamwambiaje?"

"Kwamba namnunulia mchumba."

"Na mchumba yuko wapi?"

"Ndio kwanza namtafuta," Kornelio akasema, na kwa mara ya kwanza chupa ikasimama.

"Tikisa, kaka, itaganda," Anjelina akamjibu. Lakini moyo wake ulikuwa umeshadunda, na yeye mwenyewe aliusikia.

Anjelina alipanga chumba Mtoni, na simu ya karibu, ile aliyompa Kornelio namba yake, ilikuwa dukani kwa Mzee Nasser. Mzee huyo alikuwa na sauti ya kuita mtaa mzima.

"Anjelina! Mumiani wako yuko kwenye simu!"

"Shikamoo, mzee. Haloo?"

"Haloo, laazizi. Umekula?"

"Nimekula. Wewe je, au umegawia wadudu wako?"

"Wao walikula kwanza. Mie nangoja mwaliko."

"Utangoja sana."

"Mwambie anipishe, nina simu ya mzigo!" Mzee Nasser alifoka, huku ameinamia kaunta asipitwe na neno. Kesho yake anakuwa wa kwanza kuuliza mbona kijana hajapiga.

Sasa, ili uelewe yaliyofuata, umjue Anjelina kazini. Alikuwa nesi mkunga katika wodi ya watoto wachanga, na usafi wake ulikuwa wa kuogopesha. Gauni jeupe limenyooka, kucha fupi, mikono kanawa mpaka imechujuka. Na alikuwa na jambo lake moja. Kila mtoto aliyezaliwa, kabla ya kumkabidhi kwa mama, alimnusa utosini, taratibu, kama bibi yake alivyokuwa akiwanusa wajukuu kule Masasi. Kina mama walilipenda hilo kupita kiasi. Akisahau, wanadai: "Sista, wangu hujamnusa!"

Mwezi ule watoto wakaanza kutoka vipele vya usaha. Mmoja kitovu kikavimba, homa ikapanda, mama yake akawa analia usiku na mchana. Matroni Margareta, mama mnene asiyecheka ovyo, akapiga simu maabara. Akaja Kornelio, koti jeupe juu ya bugaluu, na vijiti vyenye pamba.

"Nitawapima pua," akasema.

"Pua? Mafua hatuna!" manesi wakamjia juu.

"Ndiyo maana. Natafuta wadudu wanaokaa puani mwa watu wenye afya."

Akaanza kwa kujipima mwenyewe ili wasiogope. Alipofika kwa Anjelina, akamwinua kidevu kwa vidole viwili. Matroni akaweka alama zake kwenye vichupa vya vijiti vya manesi. Majina alijua yeye peke yake.

Baada ya siku kadhaa Kornelio akamkaribisha maabara, akamkalisha dirishani.

"Nataka uone kitu. Sijui ni cha nani, lakini tazama!"

Kwenye kisahani chekundu cha damu ya kondoo yalikuwa madoa ya duara, manono, yanang'aa kama dhahabu. Anjelina akashusha pumzi. Hakutegemea uzuri.

"Baba yangu anachonga vinyago Newala," Kornelio alisema, "na duara namna hii hajawahi kulipata. Mdudu huyu anaishi puani mwa mtu, kimya, hata miaka. Hamkohoshi, hampigishi chafya. Mpangaji gani wa Mtoni ana adabu hiyo?"

"Mzuri kweli. Lakini masikini mwenye pua!"

"Masikini wa nini? Kati ya watu watatu pengine mmoja anaye, na mzima wa afya. Ubaya ni akifika kwa kitoto, ngozi laini, kitovu kibichi. Hapo anageuka."

Aliongea macho yanawaka, na Anjelina akajikuta anamtazama yeye badala ya kisahani. Mwanamume anayeweza kuona uzuri hata kwenye pua ya mtu, aliwaza, huyo nitazeeka naye.

Jumatatu Matroni akamwita ofisini.

"Anjelina, mwanangu, ni wewe. Wa dhahabu ni wako, na ndio waliokutwa kwenye vipele vya watoto. Utatumia dawa ya kupaka puani. Kwa sasa kaa chumba cha kufulia. Ukipimwa ukaonekana safi, utarudi. Usipokuwa safi, itabidi nikutafutie wodi nyingine."

Yeye! Yeye anayewafokea wenzake kwa kucha! Na kuwanusa kule, mapenzi yake yote, ndiko kulikowaumiza. Hapo hapo akakumbuka kisahani, na kifua kikamjaa moto. Jioni ile alinyakua simu kabla Mzee Nasser hajamaliza kuita.

"Ulijua! Ukanikalisha dirishani unisifie aibu yangu!"

"Anjelina, aibu gani? Sikujua ni—"

"Nitafute tena uone!"

Akaibamiza simu.

"Simu hiyo, si mchi!" Mzee Nasser alilalamika. Kisha akamwona machozi, akamsogezea kiti.

Kule chumba cha kufulia Anjelina alikunja nepi na kusikia vitoto vikilia upande wa pili wa ukuta. Kina mama walichungulia mlangoni: "Sista, utarudi lini?" Yeye akainamia nepi zake. Wodi ile ndiyo ilikuwa maisha yake. Kwingine angefanya kazi, sawa, lakini angekuwa mtu mwingine. Akapaka dawa bila kukosa. Vipele vikaisha wodini, hata yule mwenye kitovu akaanza kunyonya kwa nguvu. Anjelina alipopewa habari hiyo alilia tena, kwa furaha.

Ndipo Matroni alipomwambia, huku anahesabu mashuka, "Na yule kijana umsamehe. Majina sikumwambia hata aliponiomba. Alijua kwako, kwenye simu."

Anjelina akatoka mbio mpaka dukani. Akapiga maabara. Kornelio yuko kazini, akaambiwa, lakini hawezi kuja kwenye simu. Kesho yake hivyo hivyo. Wiki zikapita kimya.

"Amekuacha?" Mzee Nasser akauliza kwa upole.

"Nimejiachisha mwenyewe, mzee."

Majibu yake yakatoka: safi. Jumatatu atarudi kwa watoto. Na bado Jumapili ile mchana alikaa kibarazani kwa Mzee Nasser kama mfiwa, khanga ya zamani, kichwa wazi. Mara akaona raizoni zinakuja barabara ya Kilwa.

"Shikamoo, mzee," Kornelio alisema. Amevaa shati jeupe, amekonda.

"Marahaba. Umetutesa, kijana!"

Anjelina akasimama. "Kornelio, nilikukosea. Nisamehe. Lakini mbona ulikataa simu?"

"Kwa sababu ungesema njoo, na mie ningekuja mbio. Najijua." Akagusa pua yake. "Siku ile nilijipima pia, unakumbuka? Wangu walikuwa wa dhahabu vilevile."

"Wewe?"

"Mie. Sasa nikuoe na pua ile? Wewe umepaka dawa, umehangaika, halafu nikurudishie ndani ya wiki, wakutoe tena kwa watoto? Nikaona bora unichukie kwanza. Nimepaka, mwenzangu akanipima, wapo. Nikapaka tena. Jana ndiyo akaniambia hakuna kitu."

Akafungua karatasi. Ndani mlikuwa na shanga mpya, nyekundu na nyeupe.

"Hizi hazijaingia kwenye damu. Nilimdanganya yule bibi wa shanga, sasa nataka maneno yale yawe kweli."

Anjelina alitaka kucheka, akalia. Watu wangapi walimpenda kwa sura, kwa kitenge, kwa upishi. Huyu alikuwa amependa hata kile kitu ambacho bila hicho Anjelina asingeishi, yaani wodi yake ya watoto, akakilinda kwanza ndipo akajitafutia nafasi yake.

"Na wakirudi?" akauliza. "Maana wanarudi."

"Tutapakana dawa."

"Mie watoto sitawanusa tena, Kornelio. Hilo limekwisha." Akafuta macho. "Inama."

Kornelio akainama. Anjelina akamshika kichwa kwa mikono miwili, akamnusa utosini, taratibu, kwa muda mrefu, mbele ya Mzee Nasser na barabara nzima ya Kilwa.