Buti za Boston

Msumari wa buti ya binti yake ulipotoboa mashua, Beartla hakusikia mlio wowote. Alisikia baridi kwenye kisigino.

"Sorcha! Usinyanyue mguu!"

Binti yake alikuwa ameshaunyanyua. Maji ya Februari yakafoka kupitia tundu. Mashua yenyewe ilikuwa fito nyembamba na turubai iliyopakwa lami, basi, ndiyo maana watu wa kisiwa cha Inis Oírr huipanda na viatu vya ngozi mbichi ya ng'ombe, laini, manyoya nje. Sorcha alilijua hilo tangu anatambaa. Lakini buti hizi zilitoka kwa shangazi yake Boston, nyeusi, zinang'aa, naye alikuwa akienda kuolewa. Beartla aliziona tangu nyumbani, akanyamaza. Anayemwoza binti wa pekee hatafuti ugomvi ufukweni.

Na ndoa ilikuwa leo au Pasaka. Kesho Kwaresima ingeanza, na katika Kwaresima padri hafungishi ndoa. Wageni walivuka asubuhi. Beartla na Sorcha walicheleweshwa na ng'ombe aliyekuwa akizaa. Sasa upepo ulikuwa umegeuka, ukungu umeshuka, kisiwa cha Inis Meáin, walikokuwa wakienda, hakionekani, na wote wawili hawajui kuogelea. Wavuvi wa visiwani hawajifunzi. Wanasema kuogelea ni kurefusha kufa.

Sorcha alivua sketi yake ya ndani, nyekundu, ya sufu, akaisokomeza tunduni. Wimbi likaitema.

"Inateleza, Baba!"

Beartla alisita. Kisha akaingiza mkono chini ya ubao wa kukalia, akatoa viatu viwili vipya vya ngozi.

"Weka kimoja juu yake, ukandamize."

"Vya nani hivi?"

"Vya nani tena? Nilikushonea. Halafu nikaziona hizo za Marekani, nikaona haya."

Sorcha aliitazama ile mishono mikubwa iliyopinda, midomo ikamtetemeka.

"Utalia baadaye," alisema Beartla. "Maji ya chumvi yanatutosha."

Sorcha alicheka na kulia kwa pamoja. Akazivua buti, akakandamiza ngozi kwa kisigino kitupu, akachota maji kwa buti moja.

"Angalau imepata kazi," alisema.

"Chota, bibi harusi. Maneno baadaye."

Beartla alipiga makasia mpaka malengelenge yakapasuka. Aliogopa, na hakuogopa kwa ajili yake mwenyewe. Alifumba macho akasikiliza. Kwenye miamba bahari hupiga kofi, kwenye mchanga huvuta pumzi ndefu. Kofi, kofi, kofi. Akaelekeza mashua mbali nalo. Maji yalimfika Sorcha kwenye magoti, midomo imekuwa ya buluu, lakini kisigino hakikusogea.

"Baba, mguu siusikii tena."

"Upo. Nauona. Ukandamize hivyohivyo, mwanangu."

Ndipo akaisikia, upande wa kulia, pumzi ndefu.

Watu walikuwa ufukweni wakipiga kelele ukunguni. Cóilín, bwana harusi, naye asiyejua kuogelea, aliingia majini mpaka kifuani na suti yake mpya, akaishika mashua kwa mikono miwili. Beartla alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu posa ipokelewe moyo wake ukatulia.

Padri alikuwa akingoja. Walimvika Sorcha nguo kavu za mama mkwe, lakini miguu ya mama mkwe ilikuwa midogo, na buti zilibaki ufukweni zimejaa maji. Kiatu kimoja cha ngozi kilikuwa kimebaki, cha pili kimechanika tunduni. Beartla aliinama mlangoni pa kanisa, akavua chake cha kulia, akamvisha.

"Kikubwa, Baba."

"Jaza sufu."

Wakaingia, yeye na mguu mmoja mtupu kwenye mawe ya baridi, binti amemshika mkono kwa nguvu.

"Kesho nitakurudishia," alinong'ona Sorcha.

"Usinirudishie," alisema Beartla. "Kikae kwako. Nitakuwa nakuja kukiangalia."